Wakandaji Hufia Nyumbani

Ijumaa, saa mbili asubuhi, Inspekta aliifungua bahasha ya mkemia akiwa amesimama, maana habari mbaya hakupenda kuzipokea akiwa amekaa. Akaisoma barua mara mbili. Tumboni mwa marehemu hamkuwa na sumu ya panya, wala sumu nyingine yoyote ambayo maabara ilijua kuipima. Kikombe cha chai kilikuwa na chai. Ile pakiti iliyokutwa jikoni ilikuwa imefunguliwa, ndiyo, lakini waliokufa kwayo walikuwa panya.

Kwa ajili ya pakiti hiyo mke wa marehemu alikuwa amekaa mahabusu siku tatu.

Mumewe alikuwa mkandaji katika kiwanda cha baruti za kupasulia miamba, mwanamume wa miaka thelathini na tisa aliyekuwa na mabega ya kubebea magunia. Jumatatu alfajiri alikunywa chai nusu kikombe, akainama kufunga kamba za viatu aende kazini, asiinuke tena. Kabla ya saa nne dada yake alikuwa kituoni akimshtaki wifi yake. Maneno yake yalikuwa kwenye faili, na Inspekta aliyajua kwa moyo.

“Kaka yangu anaenda kazini mgonjwa, anarudi mzima,” alisema yule dada. “Akishinda nyumbani siku mbili, kifua kinambana. Sasa niambieni nyie wenye akili, kule nyumbani kuna nini ambacho kazini hakipo?”

Mke ndiye aliyekuwa karibu zaidi, akashikwa kesho yake.

Simu ililia. Mwendesha mashtaka hakuwa mtu wa kuzungusha maneno: kabla ya saa kumi jioni alitaka faili mezani kwake, na ndani yake liwemo shtaka la mauaji au sababu ya kumwachia mjane. Habari za “bado tunachunguza” alikuwa amezisikia za kutosha. Inspekta akamjibu kwa ile sauti yake ya upole, ambayo kwa miaka thelathini wahalifu wengi waliiamini wakajuta, kisha akakata simu na kusema neno moja ambalo mama wa umri wake hakupaswa kulijua.

Alikuwa na tabia moja iliyowachosha wenzake. Faili likiwa na tundu, hata dogo la sindano, hakuweza kulifunga. Na hili lilikuwa na tundu la kupitisha mkono.

Akafungua daftari la zahanati la marehemu. Mwaka ule alikuwa ametibiwa maumivu ya kifua mara tano. Zahanati ilimpa vidonge vya tumbo mara nne na ushauri wa kupumzika mara moja. Inspekta akachukua kalenda ya ukutani, akaanza kulinganisha tarehe na siku. Jumapili. Jumatatu asubuhi. Jumapili. Jumapili. Jumatatu asubuhi. Kwa mtu anayetafuta mke mbaya, tarehe zile zilikuwa ushahidi, kwa kuwa Jumapili ndiyo siku ambayo mume anakula nyumbani milo yote mitatu. Lakini mkemia alikuwa ameshasema.

Akaenda kwa daktari wa chumba cha maiti, bwana mmoja mwembamba aliyezungumza na wafu mchana kutwa na kwa hiyo hakuwa na haraka na walio hai.

“Moyo ulikuwaje?” Inspekta alimwuliza.

“Mzuri.”

“Daktari, mtu amekufa.”

“Ndiyo kinachoniudhi. Nimefungua mishipa yote inayolisha moyo. Hakuna mafuta, hakuna donge, hakuna kilichoziba. Ila sehemu ya mbele ya moyo imekufa kwa kukosa damu. Ni kama bomba zima lisilo na kutu, lakini maji hayakupita.”

“Kwa hiyo kuna kitu kililibana bomba, kisha kikaachia.”

Daktari alimtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie. Akasema maneno hayo hayamo kwenye ripoti yake, ila hawezi kuyapinga.

Saa nne na nusu Inspekta alikuwa getini pa kiwanda. Mlinzi alimpokonya simu, funguo, sarafu, mkanda wenye kifungo cha chuma na pini tatu za nywele. Chochote cha kutoa cheche hakipiti, alisema, hata kama ni cha serikali. Akampa viatu vya raba vilivyozidi mguu na penseli ya kuandikia. Inspekta akaingia akishika sketi kwa mkono mmoja, nywele zimemwangukia, akijiona hana tofauti na mtu aliyekurupushwa kitandani.

Meneja alimpokea vizuri mno. Alimwonyesha vibanda vya mbao vilivyotengana, kila kimoja kimezungushiwa tuta la udongo, na kwa mbali akamwonyesha chumba cha kukandia. Wanaume sita walikuwa wameinamia mabeseni ya mbao, wakichanganya unga laini na mafuta mazito ya manjano kwa mikono, wakikanda na kugeuza. Harufu yake ilikuwa tamu kidogo. Baada ya dakika tano mlangoni pale Inspekta alisikia mapigo ya moyo wake kwenye paji la uso.

“Tangu tufungue,” alisema meneja, “hakuna mtu aliyefia ndani ya uzio huu. Hata mmoja.”

“Na nje ya uzio?”

“Mtu akifia nyumbani kwake, hayo ni ya nyumbani kwake.”

Inspekta aliyaandika maneno hayo kwa penseli kama yalivyotamkwa. Kisha akaomba kuona rejista ya wafanyakazi kwa muuguzi wa kiwanda. Muuguzi aliitoa bila kinyongo. Aliyeacha kazi alikatwa kwa mstari wa bluu, na aliyefariki kwa mstari mwekundu. Idara ya makarani ilikuwa na mstari mwekundu mmoja, wa mzee wa miaka sabini. Idara ya kufungasha haikuwa nao. Chumba cha kukandia kilikuwa na minne katika miaka sita, wote wanaume chini ya miaka hamsini, na marehemu wa safari hii angekuwa wa tano. Inspekta aliomba kalenda za miaka hiyo. Jumatatu. Jumapili. Jumatatu. Ya nne iliangukia Jumatano, akakata tamaa kidogo, mpaka muuguzi aliposema kwa sauti ndogo kwamba wiki hiyo kiwanda kilifungwa kwa mazishi ya mwenye kampuni.

“Na wiki iliyopita?”

“Tulifunga Alhamisi mpaka Jumapili. Mabati yalikuwa yanabadilishwa.”

Wanaume watano walikuwa wamekufa, na wake watano wasiojuana hawawezi kula njama. Faili la kumwachia mjane lilikuwa limeshapatikana pale pale, na mtu mwingine angeshukuru, akavaa mkanda wake, akaondoka. Inspekta hakuweza. Mtu gani anauawa na mapumziko?

Saa sita kengele ya chakula ililia, akamfuata mkandaji mkongwe kuliko wote kwenye benchi nyuma ya kibanda cha kubadilishia nguo. Wenzake walimwita Kipara, na kwa utani huo huo hakuvua kofia. Alikuwa amekanda kwa miaka ishirini na miwili, beseni lake likiwa lile lile.

Kipara hakuwa na haraka ya kusema. Inspekta alimpa pole ya msiba, akamwuliza habari za watoto, akalalamikia kichwa kilichokuwa kinamgonga tangu mlango wa chumba cha kukandia. Hapo mzee akacheka.

“Karibu kazini, mama. Siku ya kwanza unaweza kupiga kichwa ukutani ukaona afadhali. Siku ya tatu kinatulia. Ukipumzika Jumapili, Jumatatu kinaanza upya.”

“Miaka ishirini na miwili, kila Jumatatu?”

“Hapana. Tuna dawa.”

Akatazama kushoto na kulia. Akavua kofia, na kipara kweli kiling'aa, lakini Inspekta alikuwa anatazama ndani ya kofia. Chini ya utepe wa ndani kulikuwa na ukanda wa kitambaa wa rangi ya manjano, mnene, unaonata. Ovaroli zinabaki kiwandani, alieleza mzee, na getini wanakagua mifuko na viatu, ila kofia ni ya mtu mwenyewe. Basi unachovya kitambaa kidogo kwenye mafuta, unakishonea humo, unakwenda nacho nyumbani. Jumapili unavaa kofia sebuleni. Kichwa hakipati nafasi ya kusahau, na Jumatatu unaingia kazini kama hukutoka.

“Wote mnafanya hivyo?”

“Wakongwe wote. Tukijulikana tunafukuzwa siku hiyo hiyo.”

“Nani aliwafundisha?”

“Aliyekuwa msimamizi wetu zamani. Amekufa.”

“Siku gani?”

Kipara aliinua mkono. Akaanza kuhesabu kwa vidole, polepole, na Inspekta alimwona akifika kwenye kidole ambacho hakutaka kukifikia.

“Jumapili,” alisema. “Kofia ikiwa kichwani.”

Akasema kwamba marehemu alifundishwa na yeye. Alimwonea huruma kijana wa watu alipokuwa anatapika kila Jumatatu nyuma ya kibanda. Alimchania kitambaa cha kwanza kutoka kwenye shati lake mwenyewe. Mzee alisema hayo huku machozi yakimtoka, wala hakuyafuta, kwa kuwa mikono ya mkandaji haigusi macho.

Getini Inspekta alirudishiwa simu na pini zake, akampigia daktari akiwa bado na viatu vya raba. Alipoeleza habari za mafuta ya manjano, daktari alimwomba arudie tangu mwanzo.

“Unajua wagonjwa wa moyo tunawapa nini?” alisema hatimaye. “Mafuta hayo hayo. Chembe isiyoonekana, kwenye kidonge cha kuweka chini ya ulimi. Yanafungua mishipa. Hawa watu wanakunywa kwa ngozi na pumzi siku sita mfululizo. Mishipa inazoea kushikwa wazi. Halafu mkono unaoishika unaondoka ghafla.”

“Inajikaza.”

“Inajikaza, bila kutu, bila donge. Ukimpasua baadaye, imeshalegea.”

“Na kitambaa cha kofia?”

“Kinaahirisha. Kiasi gani, sijui, na mahakamani siwezi kuapa. Mwambie huyo mzee aje kwangu leo, na wenzake wote, na wasipumzike hata siku moja kabla sijawapima. Na kiwanda kiwekewe mabomba ya kuvuta hewa na glovu za maana, ama nitawaona wote hapa mezani kwangu.”

Inspekta alirudi kwa mlinzi, akaamuru meneja aitwe, akasimama pale mpaka wakandaji sita wakapanda gari la kiwanda kwenda hospitali. Meneja alilalamikia uzalishaji. Inspekta akamjibu kwa upole kwamba anaandika kila neno, na kwamba kalamu yake sasa ni ya wino.

Saa tisa alikuwa stoo ya vielelezo. Alitaka kuiona kofia ya marehemu kabla ya kufunga. Ilikuwa kwenye bahasha ya khaki, na alipoitoa aliona tundu la mwisho la faili lake. Kofia ilikuwa safi. Ilinukia sabuni na imepigwa pasi. Utepe wa ndani ulikuwa umeshonwa upya kwa mishono midogo iliyonyooka, kazi ya mtu anayependa anachokishona, na chini yake hamkuwa na kitu.

Angeweza kuirudisha ndani ya bahasha. Baadaye, kwa muda mrefu, alijilaumu kwamba hakufanya hivyo.

Mjane alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mitano, nguo alizokamatwa nazo zimekunjamana, lakini nywele zake alikuwa amezisuka mwenyewe mahabusu bila kioo. Inspekta alianza kwa kumwambia kwamba leo atarudi nyumbani. Mjane aliuliza kama watoto wake wawili bado wako kwa wifi yake, na kama wamekula. Akaambiwa wapo na wanakula. Ndipo Inspekta akaiweka kofia mezani.

“Uliifua wewe?”

“Ndiyo, afande. Jumatano, kabla ya zile siku nne.”

“Alikuwa amekukataza?”

“Miaka kumi na moja. Alisema, fua vyote, kofia niachie. Nikadhani ni mambo ya wanaume na kofia zao.”

“Ndani ulikuta nini?”

“Kitambaa kinachonata. Nikajua ni jasho la miaka yote hiyo. Nikakifumua, nikakitupa, nikaichemsha kofia, nikaishona upya.” Alifikiri kidogo. “Usiku ule kichwa kiliniuma sana. Nikasema ni jua la mchana.”

“Alipoiona alisema nini?”

Mjane aliigusa kofia kwa ncha za vidole. “Aliigeuza akaangalia ndani. Nikajiandaa kugombezwa. Akanitazama, akasema, imependeza. Akaivaa. Siku zote nne hakuivua.”

Inspekta aliinamia karatasi yake bila kuandika kitu.

“Kwa nini unaniuliza habari za kofia, afande?”

Wapo maofisa wanaojua kudanganya kwa huruma, na Inspekta amefanya kazi na kadhaa wao. Yeye alieleza. Alieleza habari za mafuta, mishipa, Jumapili na Jumatatu, wanaume wanne waliotangulia. Alisisitiza kwamba msimamizi wao alikufa akiwa na kitambaa chake kichwani, kwamba daktari mwenyewe haapi, kwamba kilichomuua mumewe ni beseni la kiwanda na si beseni la kufulia. Aliyasema kwa mpangilio mzuri. Mjane alisikiliza mpaka mwisho kama mtu anayesikiliza mvua, kisha akalia, kwa muda mrefu, akiwa ameuma ukingo wa mkono wake ili sauti isitoke. Inspekta alimwacha alie.

Lakini tundu lilikuwa bado lipo, na mazoea ni maradhi.

“Miaka kumi na moja hukuigusa,” alisema. “Kwa nini siku ile?”

Mjane alijifuta uso. “Hilo lazima liandikwe?”

“Niambie kwanza.”

“Wifi alikuja kututembelea mchana ule. Tukacheka sana. Wakati wa kuondoka akaniambia, hivi wewe ni mke gani, kofia ya kaka yangu inanuka mpaka barabarani, watu watasema hana mtu nyumbani. Alikuwa ananitania. Sisi ni mawifi, hatujambo kwa hayo. Ila neno lilinichoma. Mume wangu alipolala nikaivizia kofia nikaichukua.” Akainua macho. “Usiliandike, dada yangu. Nakuomba.”

“Yeye ndiye aliyekuleta humu ndani.”

“Ndiye aliyemlea. Mama yao alipofariki yeye alikuwa na miaka tisa, mdogo wake hajajua kutembea. Alikuwa anambeba mgongoni mpaka darasani, mwalimu akawaacha wakae hivyo hivyo. Hakuzaa, hana mwingine. Mimi nina watoto wa kunilazimisha kuamka asubuhi. Yeye akilijua hili ataamkia nini?”

Inspekta alikaa na kalamu mkononi. Kisha akaandika kwamba mjane aliifua kofia kwa kuwa ilikuwa imechafuka, akamsomea, mjane akatia sahihi. Hiyo ndiyo mara pekee katika miaka thelathini aliyoacha tundu kwenye faili kwa makusudi.

Saa kumi kasoro dakika kumi mwendesha mashtaka alisaini. Wifi mtu alikuwa amekaa kwenye ngazi za kituo tangu mchana, maana aliitwa kama mlalamikaji, na sheria ilimtaka Inspekta amweleze matokeo. Alimweleza, kwa ufupi kadiri alivyoweza. Hakuna sumu. Ni kazi iliyomuua, na wenzake wanne kabla yake. Kofia nayo aliitaja, jinsi mjane alivyoifua ingawa mumewe alimkataza, kwa sababu ingetajwa mahakamani siku ya kuwashtaki wenye kiwanda, na afadhali aisikie hapa. Yule dada alishika kichwa. Mjane alipotokea mlangoni na kifurushi chake, alimwendea mbio akapiga magoti mbele yake kwenye saruji, akilia, akimwomba msamaha kwa siku tatu za mahabusu na kwa kila neno alilolisema. Mjane akamwinua, wakakumbatiana, wakamlilia mtu wao kwa pamoja kwa mara ya kwanza tangu afe.

Kilio kilipopungua, wifi alirudi nyuma hatua moja. Aliangalia mikono ya mjane.

“Lakini, wifi,” alisema taratibu, “si alikukataza kuifua? Ni nini kilikupata?”

Inspekta alisimama pembeni, faili kifuani. Alimtazama yule dada usoni, akatafuta hata dalili moja ya kumbukumbu. Hakuiona. Utani ule alikuwa ameusahau kabla hajafika kwake.

“Nilijisahau tu, wifi,” mjane alijibu. “Nisamehe.”

Dada mtu akapangusa macho kwa viganja vyote viwili.

“Nimekusamehe,” alisema, akampokea kifurushi, wakashikana mikono, wakatoka getini.